Lenzi Mpya na Watu wa Pembeni

Kila akitoka shule, Adhiambo hupitia studio ya picha ya shangazi yake, Dorka, pale Nyamisangura, akafagia na kupanga viti. Jumatatu ile alikuta lenzi fupi nyeusi mezani.

"Si ya kampuni iliyotengeneza kamera yetu," Shangazi alisema. "Ni ya kampuni nyingine, ila inaingia. Mwenye duka kaniazima. Macho yako makali, ijaribu, kisha uniambie kama itafaa harusi ya Odoyo."

Lenzi yenyewe ilikuwa balaa. Ilichukua eneo pana, na hata chumbani kwenye kigiza sura zilitoka bila flashi. Adhiambo akaipenda papo hapo. Lakini alipowapiga picha wanakwaya waliojipanga mstari, wa katikati walitoka vizuri, wa pembeni ukungu mtupu. Akaogopa lenzi itarudishwa, basi akazifuta picha zile.

"Na pembeni je?" Shangazi aliuliza.

"Pembeni safi tu," alijibu, macho kwenye ufagio.

Ijumaa akaja Bibi Efrazia kutoka Susuni, bibi mzaa baba wa Odoyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kesho dada yangu anavuka mpaka wa Sirari kuja harusini. Miaka mingi hatujapiga picha pamoja, na sijui kama atavuka tena. Tutakaa mwishoni mwa benchi, katikati tuwaachie maharusi."

Mwishoni mwa benchi! Bibi alipoondoka tu, Adhiambo akasema, "Shangazi, nilikudanganya. Pembeni haioni vizuri. Picha nilizifuta."

Uso wa Shangazi ulionyesha wazi kwamba ameumia. "Umenikosea, Adhiambo. Sasa tufanyeje?"

"Naijaribu upya. Sibanduki hapa mpaka nijue."

Kweli hakubanduka. Aliwapanga majirani kwenye benchi nje, akapiga picha, akapunguza kidogo tundu la kuingizia mwanga, akapiga tena. Kila picha aliikuza, akakagua sura za pembeni.

"We mtoto, nyanya zangu namwachia nani?" Mama Regina wa genge alilalamika.

"Moja tu, mama, naomba."

Moja ikazaa nyingine nyingi, Mama Regina akinuna, Adhiambo hajali. Hatimaye akajua: tundu likipunguzwa, na jua likiwepo, pembeni panatoka vizuri, ila lazima aache nafasi huku na huku, la sivyo sura za mwisho zinavutika na kupoteza umbo.

Harusini Shangazi alifuata maelezo yake: alifungua tundu lote ndani ya kanisa lenye kigiza, akalipunguza nje juani. Bibi na dada yake walitoka wazi, wameshikana mikono.

"Mbona hata mikunjo yote ya uso imo?" Bibi aliuliza akiitazama picha.

"Ni yenu, Bibi," Adhiambo alisema, wakacheka.

Shangazi akamwekea mkono begani. "Lenzi hii tunainunua. Kila chombo kina mahali kinaposhindwa. Ukinieleza, najua namna ya kufanya kazi. Ukinificha, anayeumia ni yule aliyekaa pembeni."