Kumshika Mgongoni

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani. Uji ulikuwa umechemka. Laurence aliuepua, akamfunika vizuri binti yake Teta, akamwachia dada yake nyumba, akatoka.

Laurence ni kiongozi wa kikundi cha kina mama wa Gisenyi. Kila alfajiri kina mama hao hupanda gari moja kwenda soko la Mahoko kununua karoti na kabichi. Kisha huvuka nazo mpaka wa Petite Barrière, wakauze Goma, upande wa Kongo. Mama mmoja hawezi kukodi gari peke yake. Wakiwa pamoja, wanaweza.

Asubuhi hiyo gari lilikuwa tupu.

Wellars, dereva, alikuwa ameegemea mlango. "Mama Teta, leo nabeba upepo?"

Laurence alipigia simu huyu na yule. Hakuna aliyepokea. Kulipokucha, Wellars akaondoka. Laurence akabaki barabarani. Kikundi kizima! Amekosa nini? Hachelewi. Hapendelei mtu.

Alikwenda kwa jirani yake Mutesi, mshauri wa afya wa kijiji. Mutesi alikuwa ametoka sasa hivi kwa Illuminée, mmoja wa kikundi, ambaye mtoto wake mchanga alizikwa jana. Alisema kina mama wote wako huko. Tena wanasema watafute kiongozi mwingine.

Laurence alishtuka. Alisema hakumsahau Illuminée hata kidogo. Alituma pole kwa ujumbe wa sauti wa simu, kikundi chote kikasikia.

"Bon, tusikilize hiyo sauti," Mutesi akasema.

Laurence akabonyeza simu. Sauti yake mwenyewe ikatoka: "Pole Illuminée, tunakushika mugongoni. Kesho gari inatoka saa kumi na moja, mutu asichelewe."

Hata pumzi hakuvuta katikati. Laurence alikaa chini. Alitaka kuisikiliza tena, kidole kikakataa.

"Alisikia hiyo akiwa amekumbatia nguo za mutoto," Mutesi alisema polepole. "Mama Teta, mugongo haishikwe na simu. Kumushika mutu mugongoni ni kwenda kwake, ukae, akuegemee."

"Niende nimwambie nini?"

"Usipeleke maneno. Usimwambie atazaa mwingine. Muulize mutoto aliitwa nani, kisha unyamaze. Siku zote sisi tunakusikiliza. We ulishasikiliza nani?"

Laurence akaenda. Uani kina mama walimtazama. Mmoja akauliza kama kiongozi amekuja kuita watu kwenye gari. Laurence akawapita. Aliingia ndani, akaketi mkekani nyuma ya Illuminée, akamwuliza jina la mtoto.

Illuminée aligeuka, akamtazama.

"Rwema," akasema.

Kisha akamwegemea, akalia. Laurence hakumwambia anyamaze. Alisikiliza jinsi Rwema alivyokuwa akipiga chafya kila akiogeshwa, na jinsi homa ilivyomzidi. Aliambiwa pia kwamba Illuminée hagusi chakula, anaonja chai tu.

Alipotoka uani, aliwauliza wengine habari za kwao. Kumbe mmoja alikuwa akikesha na mama mkwe mgonjwa. Ndiye ambaye Laurence alikuwa akimkemea kwa kusinzia garini. Laurence alimwomba msamaha mbele ya wote. Wengine walitazama chini. Hawakutegemea hilo.

"Kesho gari inatoka saa ngapi?" mmoja akauliza.

"Kwanza tupange nani atabaki na Illuminée," Laurence akasema. "Gari itafuata."

Wakapanga zamu. Kesho yake gari lilijaa, na kabla ya kuondoka waliulizana habari za nyumbani. Wellars alilalamika kwamba sasa wanaongea kuliko kasuku, lakini alisubiri.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Laurence mwenyewe, akabaki na Illuminée. Gari liliporudi na karoti, lilisimama kwanza kwa Illuminée. Kina mama wakashuka, wakasimama uani bila kelele.

Ishimwe, mwana mkubwa wa Illuminée, alitoka mlangoni, akawatazama wote.

"Mama anakula," akasema.