Benchi la Varandani

Kila Jumanne na Alhamisi, kipindi cha kusoma kikifika katikati, msichana ambaye wenzake walimpachika jina la Kelele alitolewa nje. Alilizoea benchi la varandani kuliko dawati lake: ubao mgumu, msumari uliochomoza, ukuta uliobanduka rangi mahali alipoegemeza bega. Sauti za wenzake wakisoma zilimfikia kama za watu wa nyumba ya jirani.

Walisoma kwa zamu, safu kwa safu. Kelele alihesabu vichwa. Vikibaki vitatu kabla yake, alibweka kama mbwa. Darasa liliangua kicheko, naye akaambiwa, "Toka nje!"

Mwaka uliopita hakuhitaji vituko. Dada yake alimsomea sura nzima kila jioni, naye akaikariri yote. Sasa dada yuko shule ya bweni. Nyumbani ulibaki mlio wa cherehani ya mama.

Alhamisi moja mlango ulifunguliwa nyuma yake. Mwalimu mpya alitoka na daftari la makosa, akaketi, akaruka.

"Msumari huo!"

"Kaa upande huu, Mwalimu. Mimi nimeuzoea."

Mwalimu alifungua daftari. "Makosa kumi na moja, yote ya kipindi cha kusoma. Kwenye hesabu huna hata moja. Mwalimu mkuu anataka urudishwe darasa la chini. Mimi nataka kwanza nijue kuna nini."

Kelele alikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. "Sijui kusoma. Mistari inapandana. Nilikuwa nakariri tu."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Hata mama."

Mwalimu alifunga daftari. "Nitamwomba mwalimu mkuu anipe wiki tatu. Na mama utamwambia mwenyewe."

Mwalimu mkuu alikubali. Kesho yake mwalimu alikata kipande cha jalada gumu, akakitoboa tundu refu la upana wa mstari mmoja. Kila asubuhi, kabla ya kengele, Kelele alikitelezesha juu ya ukurasa, mwalimu akiwa kando yake. Mstari ulioonekana ulikuwa mmoja, wala haukuwa na wa kupandana nao.

Wiki ya tatu ilifika. Vichwa vitatu. Viwili. Kimoja.

"Leo mbwa kalala?" alinong'ona jirani yake.

Kelele alisimama na kipande chake. "Mkulima ali... aliku..." Jasho lilimtoka. Mwalimu alimwinulia jirani kidole, darasa likatulia. "...alikusanya mahindi yake."

Mstari mmoja tu. Akaketi, ndani.

Jioni Kelele alimweleza mama yote. Mama alisimamisha cherehani, akamsikiliza akiusoma tena mstari wake, kisha akamvuta karibu.

"Miezi yote hiyo ulihangaika peke yako, na mimi niko chumba cha pili? Mwanangu, mimi nikikosea mshono namwonyesha mteja, nafumua, naanza upya. Kutojua si aibu. Usilifiche tena jambo linalokushinda. Sema, tukusaidie."

Kisha akasogeza kitambaa pembeni, akampisha kwenye kiti chake. "Haya, nisomee mstari wa pili."