Namba Tasa Mbili Jirani

Risasi ilipasua kioo. Jasusi alijirusha nyuma ya mapipa, akaviringika, akafyatua bastola yake ya Glock mara moja tu.

Mlinzi akaanguka akishika paja.

Bosi wa magendo, mtu mnene mwenye suti ya bei mbaya, akanyoosha mikono. "Umechelewa, ndugu yangu."

Mbele yao, mlango wa chuma. Nyuma yake, shemeji wa Jasusi: fundi umeme aliyewakuta wakiiba nywila za kuzima umeme wa hospitali zote za mji. Wakamfungia humo pamoja na mashine yao yenye nywila hizo. Chumba hakikuwa na hata tundu la sindano, na hewa ilikuwa inakwisha.

Kwenye kufuli iling'aa namba moja, ndefu ajabu. Taja namba mbili zilizoizaa, mlango ufunguke. Kosea, ujifunge kabisa.

Jasusi aliielekezea saa yake yenye kamera, akapiga simu.

"Dada, umeipata?"

Dada yake ndiye mtaalamu wa hesabu wa idara. Ndiye pia mke wa yule aliyekuwa mle ndani.

"Nimeipata." Sauti kavu. "Ni namba tasa mbili zimezidishwa, kila moja ina tarakimu mia kadhaa. Kuzizidisha ni mchezo wa mtoto. Kuzitenganisha, hata kompyuta zangu zote zikeshe mwaka mzima, hazifui dafu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mume wangu anakufa! Unataka niseme nini?"

Ndani, mtu aligonga chuma. Mlio dhaifu.

Bosi akacheka. "Wataalamu wamekwama! Tasa ile niliisaka mwenyewe wiki nzima, mpaka mashine ikatoa moshi."

"Zote mbili?" Jasusi aliuliza taratibu. Mwenye majivuno, mwache aongee.

"Aa, ya pili ya nini kuhangaika? Nilisogea mbele kidogo, nikachukua tasa iliyofuata."

Kwenye simu, dada akapiga ukelele.

"Mjinga huyo! Amechagua jirani! Chukua sabini na saba: kipeuo chake cha pili ni nane na ushee, saba iko huku, kumi na moja iko kule. Na hii ni vivyo hivyo! Natafuta kipeuo, napapasa hapo hapo ubavuni. Chomeka waya wa saa kwenye kufuli!"

Jasusi akachomeka. Tarakimu zikamiminika.

Mlango ulikoroma, ukafunguka.

Shemeji alitoka akitambaa, midomo imebadilika rangi. Jasusi alimdaka, akamkalisha, kisha akaingia na kuisaga ile mashine kwa buti mpaka ikawa vipande.

"Haiwezekani," bosi alinong'ona, pingu mikononi. "Tasa haigawanyiki."

"Kweli. Ila uvivu ulikugawanya wewe, bwana."

"Shemeji," fundi alikohoa, "mbona umekawia?"

"Foleni."

Akampa simu.

"Mke wangu," fundi alisema.

Upande wa pili, yule mwanamke wa sauti kavu aliangua kilio. Alilia bila aibu, akiita jina la mumewe tena na tena.

Jasusi akafunga vifungo vya koti, akamsukuma bosi mbele yake, akatoka polepole. Maongezi yale hayakuwa yake.