Kichupa cha Bibi

Saa tatu asubuhi daktari alifungua kisanduku cha barafu katika chumba cha matayarisho, akakikuta kitupu. Kichupa cha seli shina, zilizokuzwa kutokana na msuli wa paja la Bibi, kilikuwa kimetoweka.

"Tulimkata mara mbili, seli zikaota mara moja tu," alisema. "Sitamkata mara ya tatu. Zisipodungwa kwenye njia yake ya mkojo kabla ya adhuhuri, basi tena."

Bibi, ambaye kwa miaka mingi hakwenda harusini wala safarini kwa sababu ya mkojo kumponyoka, aligeukia ukuta. Mjukuu wake, Inspekta wa polisi aliyekuja kumsindikiza tu, alimfunika shuka vizuri, kisha akatoka.

Mbali na daktari, aliyekuwa na ufunguo wa chumba ni msafishaji peke yake.

"Uliingia?"

"Niliingia kupiga deki. Mlango niliuacha wazi nikafuata maji, afande."

"Mbona hapa hujapiga?" Matone ya maji yalitoka mlangoni humo yakafuata ukumbi.

Msafishaji aliinamisha uso. "Nilidhani ni mkojo wa Bibi. Nikasema nisimwaibishe kwa kuupangusa mbele za watu."

"Bibi aliingia kwa mlango wa nyuma, juu ya kitanda cha magurudumu. Huku hakufika."

Inspekta aliinama, akagusa tone. Lilikuwa baridi kama barafu. Akayafuata matone hadi kwenye benchi, alipoketi wifi wa Bibi, aliyekuja nao asubuhi hiyo, mkoba mapajani, sketi imelowa.

"Shikamoo. Mkoba wako unavuja."

"Marahaba. Ni chupa ya maji, mwanangu."

"Naomba ninywe."

Mkoba ulifunguliwa taratibu. Kichupa kilikuwa kimezungukwa na vipande vya barafu.

Inspekta akampeleka kwa Bibi na daktari. Wifi alilia: "Hata mimi mkojo unaniponyoka, wifi. Tangu nilipojifungua mara ya mwisho. Nikakucheka weee, ili wasinitazame mimi. Nilitaka nikadungwe kwingine."

"Kwako zisingefaa kitu," daktari alisema, akikiinua kichupa kwenye mwanga. "Zimetoka mwilini mwake. Bahati yako, ziko hai."

"Ni wizi huo," Inspekta alisema kwa ukali. "Bibi, nimfungulie mashtaka?"

Bibi alimgeukia wifi yake.

"Miaka yote unaniita bomba bovu, kumbe mabomba yetu yalifungwa na fundi mmoja!" Akacheka hadi machozi. "Mwache, mjukuu wangu. Daktari, ukimaliza na mimi, mkate na huyu. Paja analo, tena la kutosha kata nzima."