Majivu Kuzunguka Mkeka

Aliyenisimulia ni Mwanawetu mwenyewe, rafiki yangu. Wakati wa vita vya kumtoa Mreno, yeye na mumewe walipokezana kuwapelekea wapiganaji chumvi msituni. Kila alipolala, jinamizi lilimkalia kifuani. Mwili hauinuki, na gizani anasikia ngozi ya buti ikilia, kisha swali lile lile: "Mnapita wapi?"

Bibi yake akazungushia mkeka majivu. "Usilijibu," alimwonya, "hata likikubana vipi."

Siku moja, mumewe yuko njiani na mzigo, pumzi zilimwishia Mwanawetu. Akajibu. Likamwachia.

Alipoamka, mlango ulikuwa bado na komeo. Kwenye majivu aliona nyayo za buti. Za kuingia hazikuwepo, za kutoka tu. Alipofungua, nje ziliendelea, nyeupe, zimeshika njia ya chumvi.