Nafasi Kwenye Benchi

Ugonjwa wangu ni mmoja: sijui kumwambia mteja "sina". Nimekuwa nao tangu nifungue kibanda cha video hapa Nsemulwa, na ndio uliomponza mwanangu.

Ilikuwa masika ya mwaka huu wa 1998, wiki ile maji yalipokata reli na treni ya Tabora ikawa haifiki. Saa kumi na moja jioni akaingia mama mmoja mrefu, kitenge kimefungwa vizuri, amebeba televisheni ndogo yenye mkono wa kubebea. Zile ambazo deki iko humo humo ndani, unaunga kwenye betri ya gari na kutazama popote. Akafungua pindo la kitenge, akatoa sidii.

"Naitwa Immaculata, natoka Magamba. Hii kanitumia mtoto wa kaka yangu, yuko Ubelgiji. Ni harusi ya dada yangu kule Burundi. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia huku. Sasa televisheni yangu haili sidii, inakula mikanda tu."

"Nakuhamishia, mama. Hamna shida."

"Mkanda uwe mpya." Akashusha sauti. "Usiwe umewahi kushika sura ya mtu. Umenielewa, baba?"

"Mpya kabisa."

Uongo mtupu! Mikanda yangu mipya ilikwama na treni. Chini ya meza nilikuwa na mmoja tu, wa Komunyo ya Kwanza ya binti yangu Prisila, mwenye miaka tisa. Nakala nzuri ilikuwa nyumbani, kwa hiyo huu niliuhesabu kuwa wa akiba. Kile kipande cha plastiki kinachozuia mkanda usifutwe nilishakivunja zamani. Nikabandika seloteipu juu ya tundu lake, nikausukuma ndani. Deki ikakubali kurekodi.

Mungu anisamehe.

Kazi hii haina njia ya mkato. Filamu ya dakika arobaini inahamishwa kwa dakika arobaini, na fundi lazima akae aiangalie. Mama Immaculata alikataa kukaa. Akasimama nje karibu na jenereta, amenipa mgongo.

Picha haikuwa na sauti. Uani kwa watu, nyumba ya udongo, mlango umefungwa. Bibi harusi amesimama mlangoni. Mbele yake kuna benchi refu, watu wamebanana, mtungi wa pombe katikati na mirija mirefu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeingia ndani. Mwishoni mwa benchi palikuwa na nafasi moja tupu, na wote waliitazama... halafu wakanitazama mimi.

Dakika arobaini nzima.

Nikasikia harufu ya pombe ya mtama na moshi wa kuni mbichi. Kibandani kwangu hakuna jiko.

Ilipokwisha, niliuweka mkanda kwenye televisheni yake ili nihakikishe. Uani ule ule. Benchi lile lile.

Nafasi haikuwa tupu.

Gauni jeupe la Komunyo. Soksi nyeupe. Nikajipa moyo kwamba ni picha ya zamani imebaki chini, mikanda iliyochoka hufanya hivyo. Ndipo yule mtoto akaanza kuning'iniza miguu. Mzee aliyekaa pembeni yake akajisogeza, akampa mrija.

Akanywa.

Nilizima. Gari la Magamba lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikamkabidhi mama vitu vyake upesi, kwa woga na kwa aibu.

Nyumbani nilimkuta Prisila amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mke wangu, Josephina, alikuwa anamsugua mikono.

"Tangu saa kumi na mbili kasoro yuko hivi," akaninong'oneza. "Na kinywa chake kinanuka pombe. Nani kampa mtoto pombe, Maximilian?"

Prisila akanitazama. "Baba, wamenipisha, nikakaa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho mpaka leo. Hospitali walipima, hawakuona kitu. Padri alikuja akaomba. Siku ya tatu nikatoa ile nakala nzuri ya Komunyo, angalau nimwone mwanangu akitembea. Watoto walikuwa wanaingia kanisani wawili wawili, wameshikana mikono. Mwenzake Prisila, wa mstari wa tatu, aliingia peke yake. Alikuwa ameunyoosha mkono pembeni, vidole vimefumba, hajashika kitu.

Kesho yake nilikwenda Magamba. Mama Immaculata alikuwa sakafuni mbele ya televisheni, macho yamevimba.

"Ulisema mpya."

"Nisamehe, mama. Nirudishie mwanangu."

"Kwetu ndugu aliye safarini huachiwa nafasi. Ile ilikuwa yangu." Machozi yakamtoka. "Wote walishakufa, lakini walikuwa hawaingii ndani, wananingoja mimi. Nilitaka niutazame mara moja tu, niende nikakae na watu wangu. Sasa wametimia. Mimi nitakwenda wapi?"

"Mtoe!"

"Nimtoe vipi? Nimebaki nje kama wewe."

Akawasha. Mlango wa ile nyumba ulikuwa wazi. Nusu ya benchi ilikuwa imeshaingia ndani, na mwanangu alikuwa amesogea karibu na bibi harusi.

"Kila nikiuwasha wanaingia wengine," alisema. "Uchukue. Usiuwashe tena."

Ninao kabatini, seloteipu bado iko pale pale. Kufuta ni kazi yangu, ni kubonyeza kitufe tu. Lakini nikifuta, atatoka au atafutika? Hakuna wa kuniambia. Nimeshauweka ndani ya deki mara nne, na mara nne nimeutoa.

Umetimia mwezi mkanda haujawashwa. Hata hivyo, kila siku saa kumi na mbili kasoro Prisila hujisogeza kidogo kwenye mkeka, kama anayefuata foleni. Amepita meza. Amepita kabati. Mbele yake kuna mlango wa chumba cha akiba, tulikokuwa tunaweka magunia ya mpunga. Juzi tuliyatoa yote, nikaupigilia mlango misumari sita.

Leo jioni amefika. Josephina amemkumbatia kiunoni, analia. Mimi nimeuegemea mlango kwa mgongo wangu wote.

Chumbani hakuna mtu. Lakini misumari inang'oka, mmoja mmoja... na anayesukuma yuko ndani.