Mashavu ya Pamba

Alasiri chumba chetu hubadilika rangi. Mimi ni fundi cherehani, na vitambaa vya wateja huvitundika dirishani. Jua likipita kwenye kitambaa cha kijani, ukuta wote huwa wa kijani. Likihamia cha manjano, tunakuwa kama tumo ndani ya ndizi mbivu. Usingizi unakuja wenyewe.

Saa hizo mama mkwe huketi mkekani, karibu na cherehani yangu. Hana jino hata moja. Zamani alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake viliuzwa sokoni mpaka vikaisha. Baba mkwe alipofariki, aliacha kufinyanga. Akaacha na kusema. Mwaka mzima tulikaa chumba kimoja, na kilichosikika ni cherehani tu. Niseme ukweli, kile kimya kilinichosha. Mimi nina mdomo, na mwenye mdomo akikosa wa kuzungumza naye, huumwa.

Kisha akaja Pamba.

Mume wangu ni seremala, na nyuma ya nyumba anafuga sungura. Mmoja wa watoto, mweupe, alikuwa dhaifu kuliko ndugu zake. Alipofika wiki tatu, mama mkwe alimtoa bandani, akampakata, akampa jina. Kuanzia siku ile akaanza kusema tena. Alisema na sungura, si na mimi, lakini nilishukuru hata hivyo.

"Kula, mwanangu," alimwambia. "Kula kidogo tu."

Alichokula yeye ndicho alichokula Pamba: mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ndizi iliyopondwa, uji.

"Mama," nilimwambia, "mpe nyasi. Ndugu zake wanakula nyasi."

"Mkwe, nyasi ni ngumu. Mtoto ana mdomo mdogo."

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Mama."

Alinikata jicho. Nikarudi kwenye pindo langu.

Miezi mitatu ilipotimia, Pamba aligoma kula. Meno yake ya mbele yalikuwa yamerefuka na kupinda. Mate yalimtoka, manyoya ya shingo yakalowa. Mama mkwe alimpelekea kijiko mdomoni, ndizi ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka tena.

"Jana niliota chungu," alisema bila kunitazama. "Chungu kidogo sana. Kilikuwa kinakauka kabla hakijapata umbo, na mikono yangu haikifikii."

Tangu afiwe, hakuwahi kunieleza jambo bila kuulizwa. Nikaingiwa na hofu. Nilijua Pamba akifa, maneno ya mama mkwe yatazikwa naye.

Mume wangu akaja na koleo mkononi. "Nitayakata hayo meno. Dakika moja tu."

"Koleo la kung'olea misumari?" nikamuuliza. "Ondoka hapa. Huyu si kabati."

Nikavaa kandambili, nikaenda nyumba ya tatu, kwa daktari wa mifugo. Ni mama mpole anayetembea polepole kana kwamba anaogopa kuamsha mtu. Alifuatana nami hadi kwetu, nikimsimulia njiani habari ya koleo, akamtazama Pamba mdomoni kwa tochi ndogo. Hakugomba.

"Umefanya vizuri kuniita," aliniambia. "Koleo lingepasua jino. Mama, huyu amekula nini tangu utotoni?"

"Vitu laini," mama mkwe akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimhurumia."

"Nimekuelewa. Sasa naomba mlete dada yake, aliyezaliwa siku moja naye."

Mume wangu akamleta. Daktari akawaweka wote wawili kwenye mapaja ya mama mkwe.

"Fumba macho, Mama. Shika mashavu yao. Mikono yako inajua umbo kuliko macho yangu."

Mama mkwe akafumba macho. Mwanga wa manjano ulikuwa umefika mkekani. Vidole vyake vilipita polepole, huku na huku, kama enzi zile za vyungu.

"Huyu wa kulia amejaa," alisema. "Taya lake pana. Huyu wangu..." Vidole vikarudia palepale. "Huyu wangu ni mwembamba. Hapa hamna kitu."

"Hapo panatakiwa kuwa na msuli wa kutafunia," daktari alisema. "Fundi, njoo. Wewe hukata uzi kwa meno, siyo?"

"Ndiyo, ingawa si vizuri."

"Leo nakuruhusu. Uma uzi, na Mama akushike shavu."

Miaka minane ya ndoa, mama mkwe hakuwahi kunigusa uso. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kikavu. Niliuma uzi. Alishtuka kidogo, kisha akatabasamu na fizi zake zote.

"Kuna kitu kimegeuka ndani," alisema, "kama mtoto anayejigeuza usingizini."

"Ndio huo msuli," daktari akasema. "Umeshikamana na mfupa. Kila mnyama anapotafuna, msuli unavuta mfupa. Mfupa si jiwe, Mama, uko hai. Ukivutwa kila siku, unaongezeka na kupanuka pale unapovutwa. Mnyama mchanga akila vilaini tu, msuli unabaki mwembamba. Taya nalo linabaki dogo, hata fuvu halipati upana wake. Wataalamu wameyaona hayo kwa panya, kwa nguruwe, na kwa sungura pia."

"Na meno?" nikauliza.

"Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Nyasi ndizo zinazoyasaga. Uji hausagi kitu."

Mama mkwe alikuwa bado amefumba macho. "Kwa hiyo mfupa ni udongo," alisema polepole, "na msuli ndio mkono wa mfinyanzi."

Daktari akacheka. "Nimesoma miaka mingi, na sijawahi kulisema vizuri hivyo."

"Udongo uwahi ungali maji," mama mkwe akasema. Machozi yakamtoka. "Mimi nimeuchelewesha. Nimemlea kwa mapenzi, na mapenzi yamemnyima uso."

"Bado ni mchanga," daktari akamwambia. "Hatalingana na dada yake, sitakudanganya. Lakini udongo haujakauka wote."

Alimchukua Pamba, akayapunguza meno yake kwa kifaa maalumu. Akatuagiza tusibadilishe chakula ghafla, maana tumbo la sungura ni jepesi kuchafuka. Nyasi kidogo leo, kesho zaidi, na uji upungue kila siku. Nyasi ziwe safi, zisizopuliziwa dawa. Nyasi kavu zisikosekane bandani, wala maji.

Siku tano za kwanza Pamba alichezea nyasi tu. Mama mkwe alikaa naye, akimshikia unyasi mmoja mmoja. Siku ya sita, cherehani ikiwa imenyamaza, tulisikia: krr, krr, krr. Tukatazamana. Hakuna aliyethubutu kusogea.

Daktari aliyapunguza meno mara mbili zaidi, kisha hakukuwa na haja tena. Pamba akaongezeka uzito. Kichwa chake bado ni chembamba kuliko cha dada yake, lakini mashavu yamejaa. Mama mkwe huyapima kila alasiri kwa vidole. Sungura wanaozaliwa sasa hawaonjeshwi uji hata kwa dawa.

Juzi nilimkuta mama mkwe amechota udongo nyuma ya nyumba. Alikuwa anamfinyangia Pamba bakuli la maji, zito, lisilopinduka. Mwanga wa kijani ulikuwa ukutani. Pamba alitafuna, cherehani ikalia, bakuli likapata ukingo. Nilikuwa nasinzia juu ya pindo. Nikauma uzi kwa meno.

Mkono wenye tope ukanigusa shavu.

"Tumia mkasi, mwanangu," alisema. "Meno yako hayakui kama ya Pamba."

Mwanangu. Siku zote aliniita mkwe. Nikachukua mkasi, na tope nikaliacha likauke shavuni.